Kadi zimejaa, viti vitupu: tuwalee vipi waliookoka kwenye mkutano wa injili?

Mchungaji_Mpya

Bwana Yesu asifiwe watumishi. Swali langu ni kwa wenye uzoefu wa ufuatiliaji. Mkutano wa injili unakwisha vizuri: watu wanapita mbele, sala ya toba inaongozwa, kadi zinajazwa, tuseme 60. Mwezi ukipita, ukiwatafuta hao ibadani, vidole vya mkono mmoja vinatosha kuwahesabu.

Naomba kujua mambo matatu. Kadi iulize nini? Nani awatembelee, na lini, maana mchungaji ni mmoja na bado ana mahubiri ya Jumapili, wagonjwa, misiba na watoto wake mwenyewe nyumbani? Na kwenye ziara ya kwanza mtu aseme nini asije akamfukuza yule yule anayemtafuta?

Tafadhali msinijibu "ombeni". Tunaomba.

Mwinjilisti_Mzee

Mtumishi, umeuliza vizuri. Wengi huishia kuuliza namna ya kujaza uwanja.

Anza na hesabu yenyewe. Katika Mathayo 28:19-20, kitenzi kinachobeba amri kwenye Kigiriki ni "fanyeni wanafunzi". Kwenda, kubatiza na kufundisha vyote vinakitumikia hicho. Kadi 60 ni watu 60 waliosimama mbele, basi. Ukishatangaza kwenye kipaza sauti kwamba "tumevuna roho 60", timu yako inaelewa kuwa kazi imekwisha na inaanza kukunja nyaya. Usitangaze namba siku hiyo. Hesabu baada ya wiki nane, na uwahesabu wale tu wanaosoma Neno pamoja na mtu unayeweza kumtaja jina.

Sasa kadi. Nyingi zina jina, simu na mahali. Kinachokosekana ni sababu iliyomleta mtu mbele, na sababu haziwi moja. Weka visanduku vitano: "Nampokea Yesu kwa mara ya kwanza", "Nilirudi nyuma, nataka kurejea", "Naomba kuombewa", "Nataka kuelewa zaidi", "Nina kanisa langu". Hicho cha tano watu hawapendi kukiweka kwa sababu kinapunguza namba. Bila hicho utamaliza wiki mbili ukiwafuata waumini wa wenzako, na mchungaji wao akikuita mwizi wa kondoo hutakuwa na la kujibu. Mwenye kanisa lake mwombee, kisha umrudishe kwao.

Simu: anayejaza kadi aisome namba kwa sauti, kisha abipu palepale mwenyewe akiwepo. Watu huandikwa usiku, kadi ikiwa juu ya goti, kalamu inakwamakwama. 1 inageuka 7 na mtu ndiyo amepotea hivyo. Uliza pia, "Nikupigie saa ngapi, na nani mwingine huwa anapokea simu hii?" Kuna ambaye habari ya kuokoka ikifika nyumbani kwake kabla hajaisema mwenyewe, inaleta ugomvi au zaidi ya ugomvi. Mahali usiandike jina la mtaa peke yake, andika alama: karibu na nini, mlango wa rangi gani, auliziwe kwa jina gani, maana jina la kadi na jina la mtaani mara nyingi ni mawili. Umri nao uandikwe. Akiwa mtoto, unaanza na mzazi au mlezi wake. Hapigiwi wala hatumiwi ujumbe kwa siri.

Lakini kadi nzuri kupita zote haitakusaidia ikiingia kwenye bahasha. Hapo ndipo pana kosa kubwa. Bahasha inakwenda ofisini, Jumatatu majina yanaingizwa daftarini, Alhamisi kikao kinagawa, Jumamosi anagonga mlango mtu ambaye mwenye nyumba hajawahi kumwona. Kwa siku saba nzima yule mtu amebaki peke yake na uamuzi wake, wenzake wakimtania. Anayegonga sasa ni mgeni, na kadi aliyonayo inamfanya afanane na mdai.

Badala yake, walezi waandaliwe kabla ya mkutano. Ukitarajia watu 60, andaa walezi 30, wawili wawili kama Luka 10:1, yaani jozi 15, kila jozi watu wanne wasizidi. Wanaume kwa wanaume, wanawake kwa wanawake. Mlezi ndiye anayesimama pembeni ya mtu wakati wa sala, ndiye anayejaza kadi, na hawaachani kabla ya kupanga siku. "Tutakutafuta" si mpango. "Kesho jioni saa kumi na moja, pale kwenye alama uliyonitajia" ndiyo mpango. Jozi moja ikizidiwa na watu watano au sita, wa ziada apewe jozi nyingine palepale uwanjani, washikane mkono, wajuane sura.

Na kadi zisipigwe picha zikarushwa kwenye grupu la WhatsApp. Hata la viongozi.

Mama_Mchungaji

Naongezea hapo kwenye muda, maana ndipo nyumba za watumishi zinapoumia. Piga hesabu: ziara moja dakika 40, kwenda na kurudi 30, jumla 70. Mara 60 ni saa 70, na hiyo ni ziara ya kwanza tu. Hakuna mchungaji mwenye saa 70 za akiba ndani ya wiki. Akilazimisha atazikata kwanza kwenye usingizi, halafu kwenye maandalizi ya mahubiri, na mwisho watoto watamwona akiwa amelala kwenye kiti na viatu vyake. Yethro aliliona hilo kwa Musa katika Kutoka 18, akamwambia atajidhoofisha yeye na watu pia. Ngazi ya chini kabisa aliyoipendekeza ilikuwa wakuu wa makumi. Watu kumi kwa kiongozi mmoja. Waongofu wapya wanne kwa jozi si wachache.

Historia ya kanisa nayo ina mifano. Richard Baxter, mchungaji wa Kidderminster, Uingereza, karne ya 17, alikuwa na parokia ya familia zaidi ya 800. Yeye na msaidizi wake walitenga Jumatatu na Jumanne na kufundisha familia 15 au 16 kwa wiki, ili mwaka ukiisha wawe wamezipitia zote. Ona kwamba zilikuwa siku mbili zinazojulikana, si kila jioni mlango unapogongwa. Na madarasa ya Wamethodisti, yaani vikundi vyao vidogo vya kuleana, yalianzia kwenye deni: mwaka 1742 huko Bristol walikuwa wanadaiwa fedha za jengo, ikapendekezwa kila mmoja atoe peni moja kwa wiki na mtu mmoja awapitie wenzake 11 kuzikusanya. Waliokuwa wakipita nyumba hizo wakaanza kurudi na habari: huyu mgonjwa, yule amerudia ulevi, wale hawasemezani ndani ya nyumba. John Wesley, kiongozi wao, akaona kwamba hiyo ndiyo kazi aliyokuwa akiitafuta. Peni ilikuwa kisingizio cha kubisha hodi kila wiki.

Kwa hiyo mchungaji, wewe lea walezi. Saa moja kwa wiki, jozi 15, kila jozi dakika nne. Maswali ni matatu tu: mmeonana? mmefika sura gani? kuna lililowazidi? Hilo la tatu ndilo linaloingia kwenye shajara yako: ndoa inayovunjika, kipigo nyumbani, mfiwa, anayesema hana sababu ya kuishi. Huyo wa mwisho hasubiri kikao. Mlezi asimwache peke yake, akupigie hapo hapo, na apelekwe hospitali wakati mkiendelea kuomba. Mengine yote yaache kwa walezi, hata kama wewe ungeyafanya vizuri zaidi.

Siku yako ya mapumziko simu ya kanisa ikae kwa mzee wa kanisa. Si kwako ikiwa imezimwa sauti, maana utaichungulia.

Yohana_3_16

Nawasikia wapendwa, lakini tusiigeuze kazi ya Roho Mtakatifu kuwa ratiba. Mwenye kukuza ni Mungu. Paulo hakuwa na visanduku vitano.

Mwinjilisti_Mzee

Ndugu yangu, mstari huo huo, 1 Wakorintho 3:6, una mpandaji na una mtia maji kabla ya kufika kwa mwenye kukuza. Paulo ndiye aliyemwambia Barnaba warudi kila mji walikohubiri wakawaangalie ndugu wana hali gani, Matendo 15:36. Fungua Warumi 16 uhesabu majina anayoyasalimu: yanapita 20, na wengi amewaeleza ni nani na wamefanya nini, katika mji ambao alikuwa bado hajafika. Kadi zake zilikuwa kichwani.

Mwalimu_wa_Ubatizo

Hakuna aliyegusa ziara ya kwanza, ngoja niigonge mimi.

Dakika 40 zikiisha, aga, hata kama mazungumzo yamenoga. Yakinoga ndiyo sababu ya kurudi. Dakika kumi za mwanzo usifundishe. Uliza swali moja, "Siku ile, ni neno gani lilikugusa ukasimama?" kisha unyamaze kweli kweli. Jibu litakuonyesha uanzie wapi. Anayesema "niliposikia Mungu anasamehe" na anayesema "niliona rafiki zangu wanapita nami nikapita" hawahitaji somo moja. Filipo naye alianza na swali, Matendo 8:30, akamwuliza yule towashi kama anayaelewa anayosoma, halafu akaanzia kwenye andiko lile lile alilomkuta nalo.

Kisha someni Marko 2:1-12, mistari 12, mtu aliyepooza aliyeshushwa darini. Usimwambie asome kwa sauti kabla hujajua kama anasoma. Soma wewe, ukimwachia nafasi akipenda. Maswali: kinachotokea hapa ni nini? Yesu anaonekana ni mtu wa namna gani? Kuna jambo moja utakalolifanya tofauti kabla hatujaonana tena? Ukimaliza, omba kwa sentensi tatu za Kiswahili cha kawaida. Ziara ya pili rudini mwanzo wa Marko, sura mbili kwa wiki. Kitabu kina sura 16, kwa hiyo ni wiki nane, na ndiyo maana ya zile wiki nane alizotaja Mzee hapo juu.

Yanayoharibu nayajua kwa mpangilio wa uharibifu wake. La kwanza ni kutaja fungu la kumi kabla ya sura ya tano ya chochote. Linafuata kusema vibaya dini au ndugu alikotoka, wakati mama yake yumo chumba cha pili anasikia. Halafu lugha yetu ya ndani: "ufunikwe na damu", "ukulie wokovu", "upokee mpenyo", mtu anaitikia amina na hajaelewa neno. Aliyeombewa ugonjwa aendelee na dawa zake. Dozi hubadilishwa na daktari, mlezi asiiguse. Akiomba msaada wa fedha, usitoe mfukoni siku ile wala usiahidi. Lipeleke kwa mashemasi, na akisaidiwa asaidiwe hata kama hatakuja ibadani.

Kuchosha watu ni tatizo la kale. Karibu mwaka 400, shemasi Deogratias wa Karthago alilalamika kwamba akifundisha wanaoanza imani anajichosha hata yeye. Askofu Augustino, pamoja na mambo mengine mengi, akamshauri kwamba msikilizaji akichoka kusimama apewe kiti. Nawapenda walimu wanaokumbuka miguu ya watu.

Jumapili yake ya kwanza: mlezi amsubiri nje ya mlango na wakae pamoja. Amweleze kabla: ibada ina saa ngapi, tunasimama lini, sadaka si lazima, Meza ya Bwana wanashiriki nani. Ule utaratibu wa "wageni wasimame wajitambulishe" uondoeni. Asiyezoea umati anauona kama hukumu, na Jumapili ya pili humwoni.

Mchungaji_Mpya

Asanteni sana, nimeandika kurasa mbili. Bado vitu viwili vinanisumbua. Wasiopokea simu tuwafuate hadi wapi? Na nina boksi la kadi za mikutano ya nyuma ambazo hazikuguswa kabisa.

Mama_Mchungaji

Wasiopokea, jaribu mara tatu kwa njia tatu, siku tofauti. Ujumbe kwanza, usiotaja kanisa: "Habari, ni mimi tuliyeonana Jumamosi jioni. Uliniambia nikutafute saa hizi. U mzima?" Halafu simu moja, ndani ya saa aliyoisema yeye, isilie mara tano mfululizo. Halafu mpite pale mlipopatana. Akikosekana, ujumbe wa mwisho wa kumwambia akihitaji mtu namba ni hii, na muishie hapo. Aliyesema "msinitafute" futa jina na namba yake siku hiyo hiyo, kwenye kadi na kwenye simu za walezi wote wawili.

Boksi lako: kadi zilizopita mwaka zichane uzichome. Namba nyingi zimeshabadilika mikono, na waliobaki hawakumbuki walikuahidi nini. Zilizo chini ya mwaka, anza na za karibuni kabisa, simu moja kila mtu, na isiwe ya kualika ibadani. Iwe ya kuomba radhi: "Tulichukua namba yako tukakaa kimya, tusamehe. Unaendeleaje?" Kisha sikiliza. Jozi moja kadi nne. Mpaka nne hizo zijulikane zimefikia wapi, mkono usirudi kwenye boksi.