Naomba ushauri: sosi ya kijani ya spageti inakatika, na isipokatika inakuwa chungu

Mwanatanga wa Houston

Ndugu zangu wapenzi wa jikoni, natumaini hamjambo. Ninaishi Houston, Texas, na nyumba ya pili anaishi mama mmoja mwenyeji wa Puebla, Meksiko, ambaye mwezi uliopita alituletea bakuli la chakula anachokiita espagueti verde, yaani spageti ya Kiitaliano iliyochanganywa na sosi ya kijani ya malai na pilipili za poblano zilizochomwa. Wanangu, ambao hukichambua kila kitu cha kijani kabla hawajakitia mdomoni, walikomba bakuli lote. Nilimwomba anieleze mapishi, naye akanieleza kwa Kihispania na kwa vitendo, nikaondoka nikiamini nimeelewa.

Nimejaribu mara mbili. Mara ya kwanza nilisaga pilipili 4 pamoja na kikombe cha malai chachu ya dukani, nikainjika mpaka ikachemka, na sosi ikakatika kama tui lililosahauliwa motoni: maji ya kijani yakaelea juu na chembe nyeupe zikazama chini. Mara ya pili nilipunguza moto nayo haikukatika, lakini ilikuwa na uchungu unaobaki nyuma ya ulimi, na hata tambi zenyewe hazikushika sosi; iliteremka yote chini ya sahani. Jumamosi ya wiki ijayo mama mkwe na mawifi zangu watakula kwangu, tutakuwa watu 8, na ningependa sana kuwapikia chakula hiki. Naombeni mnieleze ninakosea wapi.

Jiko la Mkaa

Dada Mwanatanga, mfano wako wa tui umegusa penyewe. Malai chachu ya kawaida yana mafuta kiasi cha asilimia 20 tu, na ule uchachu wake umekwisha kuzilegeza protini za maziwa, kwa hiyo yakipata moto mkali protini hushikana na kuganda, maji yakajitenga. Wameksiko hutumia crema, yaani malai yao, ambayo ina mafuta mengi zaidi na uchachu mdogo, ndiyo maana yao huvumilia moto. Kwa kuwa uko Houston, hutaikosa katika duka lolote la Kimeksiko. Huuzwa katika chupa za plastiki au makopo mapana, mahali pa maziwa. Ukiikosa, tumia malai mazito yasiyochachuliwa, kisha kamulia ndimu kidogo mwishoni, sufuria ikiwa imeshaipuliwa. Kwa vyovyote vile, sosi ifuke tu mvuke, isitokote.

Mpenda Viungo

Mimi nitasemea uchungu. Je, pilipili ulizimenya zote, au uliacha madoa meusi?

Mwanatanga wa Houston

Niliacha madoa mengi, nikidhani ndiyo yanayoleta harufu ya moshi. Jiko langu ni la umeme, kwa hiyo nilizichoma katika oveni kwa muda wa saa nzima.

Mpenda Viungo

Basi tumeupata uchungu. Harufu ya moshi imekwisha kuingia katika nyama ya pilipili wakati wa kuchoma, na ngozi nyeusi inayobaki ni masizi tu, ambayo mashine ya kusagia huyasambaza katika sosi nzima. Saa nzima pia ni ndefu mno, maana nyama huungua pamoja na ngozi. Washa moto wa juu wa oveni hadi mwisho, panga pilipili karibu kabisa na moto huo, na uzigeuze kila upande unapotoa malengelenge meusi. Kwa kawaida dakika 10 hadi 15 zinatosha. Zitie zingali moto katika bakuli, funika kwa sahani kwa dakika 15 ili zijifukize kwa mvuke wake, na utaona ngozi inavuka kwa vidole kama ganda la nyanya iliyochovywa maji ya moto. Usizioshe chini ya bomba, kwa sababu utaosha na ladha. Lowesha vidole tu, au pangusa kwa karatasi ya jikoni. Halafu pasua, toa mbegu pamoja na ile mishipa myeupe ya ndani, kwa kuwa ukali unakaa hasa katika mishipa hiyo. Poblano kwa kawaida ni ya upole, lakini mara moja moja hutokea moja kali, kwa hiyo onja kipande cha kila moja kabla ya kusaga, hasa ikiwa mama mkwe hapendi pilipili.

Kitunguu maji na kitunguu saumu navyo vikaange kwanza kwa siagi mpaka vilainike bila kubadilika rangi. Kitunguu saumu kilichoungua kina uchungu wake pia.

Mswahili wa Bologna

Habari zenu. Ninakoishi, Italia, mtu akimwaga maji yote ya tambi huulizwa kama anaumwa, na nadhani ndipo ilipo shida ya sosi kuteremka. Maji yale yana wanga uliotoka katika tambi, na wanga huo ndio unaoyashikanisha mafuta na maji ili sosi ing'ang'anie. Tia chumvi gramu 10 kwa kila lita, na usijaze sufuria kupita kiasi, ili maji yawe mazito. Chota kikombe kimoja kabla ya kuchuja, chuja tambi dakika 2 kabla ya muda ulioandikwa kwenye pakiti, zikiwa bado na kiini kigumu, kisha zimalizie ndani ya sosi yenyewe huku ukizigeuza kwa nguvu na kuongeza yale maji kidogo kidogo. Tafadhali usizisuuze kwa maji baridi wala usizipake mafuta.

Jibini nayo itiwe moto ukiwa umezimwa, na uikune mwenyewe, kwa sababu ile iliyokunwa kiwandani hutiwa unga wa kuzuia isishikane, nao huifanya iyeyuke kwa mabonge. Mimi ningetia Parmigiano Reggiano.

Jiko la Mkaa

Hapo kwenye jibini nakuomba turuhusu upande wa pili, ndugu yangu. Huko Meksiko juu ya sahani hunyunyiziwa Cotija, iliyopewa jina la mji wa Cotija katika jimbo la Michoacán. Ni kavu, ina chumvi nyingi, na haiyeyuki, kwa hiyo kila tonge hupata chembe zake. Parmigiano iingie ndani ya sosi, Cotija ikae juu, na kila moja itafanya kazi yake.

Bibi wa Forodhani

Mwanangu, kwa watu 8 chemsha pakiti mbili za gramu 454, pilipili 8, crema vikombe viwili na giligilani kiganja kimoja, ambayo utaisaga mwishoni ili rangi isififie. Na siku nyingine uwapikie fideo seco, kwa sababu mkono wako tayari unaijua: tambi nyembamba hukaangwa kavu kwa mafuta mpaka ziwe rangi ya dhahabu, ndipo hutiwa rojo ya nyanya na pilipili ya chipotle, zikanywa mpaka zikauke. Ni kama tunavyokaanga tambi zetu kabla ya kutia tui, sukari na iliki. Wao huzipeleka kwenye chumvi na nyanya, sisi kwenye utamu.

Mwanatanga wa Houston

Shikamoo Bibi, na ahsanteni nyote. Leo jioni nimejaribu kwa nusu ya kipimo kabla ya siku yenyewe. Pilipili zilichukua dakika 13, ngozi ikavuka karibu yote kwa mkupuo, na moja kati ya nne ilikuwa kali kweli, nikaiweka kando. Nilipotia maji ya tambi mara ya kwanza sosi ilionekana nyepesi mno nikaogopa, lakini baada ya kuigeuza kama dakika moja na nusu ilianza kung'aa na kuvuta, na mwiko ukaacha njia chini ya sufuria. Uchungu haupo. Jirani amepita kuonja, akala amesimama, akaniambia niongeze chumvi kidogo, kisha akaomba ya kumpelekea mumewe.