UKOO WA VANGA 🌊 (kikundi cha familia)

Salim Anchorage: (picha 4)
Assalam aleikum nyote. Tumerudi salama kutoka baharini, huku ni saa moja jioni na jua bado linawaka, kwenu najua mshaswali alfajiri na chai iko mezani. Huyo wa mwisho kulia ndo wangu

Shangazi Zuhura: Waaleikum salaam mwanangu. Mashallah tabarakallah. Sasa huyo ni samaki ama mkeka

Fadhili: 😂😂😂😂

Ami Bakari: Gayogayo huyo. Kwetu wapo wanajizika mchangani humuoni mpaka umkanyage. Lakini wa kwetu ni wa sahani moja. Huyo kilo ngapi

Salim Anchorage: Ami umemjua mara moja! Huku wanamwita halibut. Wangu ni paundi 41, kama kilo 18 na nusu ivi. Yule alotundikwa katikati ni wa mzee mmoja tulokuwa naye botini, paundi 112

Ami Bakari: Yaani kilo hamsini gayogayo??

Salim Anchorage: Na huyo hajawa mkubwa Ami. Rekodi ya dunia ya kuvua kwa mshipi ni paundi 459, zaidi ya kilo 200, alivuliwa Dutch Harbor hukuhuku Alaska mwaka 1996

Shangazi Zuhura: Mbona macho yote yako upande mmoja maskini

Salim Anchorage: Ndo alivoumbwa shangazi. Akitoka kwenye yai yuko sawa tu na samaki wengine, jicho huku jicho kule, anaogelea wima. Halafu akiwa bado mdogo sana jicho la kushoto linahama linapanda juu ya kichwa linakwenda kukaa na mwenzake upande wa kulia, hapo ndo analala chini maisha yake yote. Juu rangi ya matope chini mweupe pe

Shangazi Zuhura: Subhanallah

Fadhili: Bro wacha mambo ya macho. Uliponiambia ni safari ya kulipia nlidhani unatania. Ngapi

Salim Anchorage: Dola mia tatu na kitu kwa kichwa. Apo sijaweka leseni ya kuvua, bakshishi, mafuta ya gari na kulala

Fadhili: Hiyo ni zaidi ya elfu arobaini za Kenya 💀

Ami Bakari: Ngoja kwanza. Ngojeni wote. Wewe Salim umetoa elfu arobaini mfukoni mwako ukampa mtu mwenye boti akupeleke UKAVUE, yaani mimi nimeingia bahari hii kabla baba yenu hajaota ndevu nimevua kusi na kaskazi nimevua na homa na sijaona mtu analipa ili apewe kazi, kawaida mwenye boti ndo anakupa wewe fungu lako. Haya basi umeuza shilingi ngapi angalau urudishe

Salim Anchorage: Hauzwi Ami

Ami Bakari: Hauzwi vipi

Salim Anchorage: Ni marufuku. Samaki wa leseni ya kujifurahisha hauzi hata kipande, unakula na kugawa basi. Wanaouza ni wengine na wana sheria zao, tangu 1995 kila mmoja ana mgao wake wa mwaka. Zamani serikali ilikuwa inafungua bahari siku moja au mbili tu, basi boti zote zinakimbilia huko hata kama kumechafuka kwa sababu ukibaki bandarini mwaka umekupita

Ami Bakari: Elfu arobaini na hauzwi. Sawa.

Mjomba Omari: Shemeji usishangae sana. Mie ile miaka nlokuwa baharia kwenye boti za wageni pale Shimoni ilikuwa ndo hivo hivo, mtu katoka kwao na ndege, analipa boti siku nzima tunamfukuza nduwaro mkondo wa Pemba, akimpata tunamchoma kitambulisho ubavuni halafu anamwachia. Anarudi na picha. Na anafurahi kuliko wewe ukijaza dau

Mjomba Omari: Salim nijibu kitu kimoja tu, baharia ulimpa chake?

Salim Anchorage: Nlimpa mjomba, huku kawaida ni asilimia 15 mpaka 20 ya ulichotoa na tulimpa mkononi mwake

Mjomba Omari: Allah akuzidishie. Nahodha ana nauli zenu, yule kijana anaishi kwa bakshishi. Na ndo anofanya kazi yote

Mwanaisha Seattle: Nimefungua simu nakuta meseji 40 🙄 Salim nauliza tu box langu la samaki liko wapi

Salim Anchorage: Tulia Mwanaisha ntafika kwako

Ami Bakari: Kina?

Salim Anchorage: Ami?

Ami Bakari: Mlivua kina gani. Na chambo gani. Na chubwi uzito gani. Umelipa basi sema ulichojifunza

Salim Anchorage: 😂 haya. Tulipovua ni kama futi 200, yaani pima 33 hivi, lakini mahali pengine wanashuka mpaka futi 300. Fimbo fupi nene, mshipi wa kusokotwa mwembamba mno ila haukatiki ovyo, chubwi la kuzamisha mshipi kilo moja na ushee na maji yakikaza wanaweka ya karibu kilo mbili. Chambo heringi mzima, vichwa vya salmoni, na pweza

Shangazi Zuhura: Na NINI

Salim Anchorage: Pweza shangazi. Vipande. Hatoki kwenye ndoana hata samaki wadogo wakimdonoa

Shangazi Zuhura: Pweza wa kukatakata watupie samaki? Nyie watu huko mna kichaa, hapa Mombasa pweza mtu ananunua kwa kuapa, mnamtupa baharini arudi alikotoka

Ami Bakari: Zuhura hata sisi twatumia pweza wa mshipi, usimshambulie mtoto. Endelea Salim, mlitoka wapi mkenda wapi

Salim Anchorage: Tulitoka Anchorage siku moja kabla, ni kama kilomita 350 mpaka Homer, masaa manne na nusu matano kwa gari. Homer wenyewe wanajiita makao makuu ya halibut duniani na wameandika kila mahali. Bandari iko kwenye ulimi wa changarawe unaoingia baharini karibu kilomita saba, mwembamba, huku na huku ni maji, ukisimama katikati unaona pande zote mbili. Lile tetemeko kubwa la 1964 liliuzamisha chini zaidi ya mita moja ikabidi wainue upya kwa kifusi.
Asubuhi saa kumi na mbili tuko kwenye boti, abiria sita, kapteni na baharia mmoja. Sita ndo mwisho kwa leseni ya kapteni wetu. Tukaenda masaa mawili na kidogo mpaka upande wa visiwa vya Barren. Upande wa magharibi kuna milima ya volkano ina theluji juu, Augustine imekaa peke yake katikati ya maji, na fisi maji wanaelea chali wanakula kome wala hawana habari na sisi

Rehema: Waambie na yale mengine

Salim Anchorage: Yepi

Rehema: Ya ndoo 😂

Fadhili: ndoo gani????

Rehema: Mume wangu Salim mtoto wa Vanga kalewa bahari. Kabandika na stika nyuma ya sikio, kanywa na tangawizi, na bado

Ami Bakari: Kulewa??? Ukoo huu??? Baba yako alikuwa analala kwenye ngalawa kusi linavuma

Mjomba Omari: Shemeji mwache, ile bahari ya huko si hii yetu. Mawimbi ya kule yana mpando mrefu tumbo halijui lisimame wapi. Nimeona manahodha wakubwa wanalewa boti ikisimama, ikienda hakuna neno

Salim Anchorage: Asante mjomba. Ni hivohivo, ilikuwa tumetia nanga

Ami Bakari: Mlitia nanga kwa nini si mngeacha boti ielee na maji

Salim Anchorage: Hapo ndo nlimkumbuka wewe Ami. Huku bamvua maji yanapanda na kushuka zaidi ya mita nane

Ami Bakari: Mita nane? Kwetu bamvua mita nne watu wanahamisha madau

Salim Anchorage: Wallahi mita nane. Na huko juu Anchorage ni zaidi. Kwa hiyo maji yakiwa yanakimbia huwezi kuvua, chubwi la kilo mbili linachukuliwa linaenda pembeni halifiki chini, unashika mshipi umelala. Kapteni ana jedwali lake la maji, anaangalia saa kuliko anavyoangalia bahari. Anatufikisha mahali pake maji yanaanza kulegea, anatia nanga, harufu ya chambo inabebwa na mkondo chini kwa chini, halafu pale maji yanaposimama kati ya kupwa na kujaa ndo wanakula. Labda saa moja hivi, pengine haifiki. Kabla yake tulikaa tunatazamana

Ami Bakari: Sasa unaongea.

Ami Bakari: Huyo kapteni wenu ni mvuvi

Fadhili: Ami kashabadilika 😂😂

Ami Bakari: Sijabadilika. Elfu arobaini ni nyingi. Lakini kusubiri maji wengi hawajui, vijana wa hapa wanatoka tu kwa sababu wamepata petroli

Salim Anchorage: Na ndoana zao Ami. Ni za mviringo, ncha imepinda inatazama ndani, ukiiona utasema haishiki kitu. Baharia akatuambia samaki akigonga USIVUTE. Mkono wangu unataka kukurupua kama ulivotufundisha, akanishika kifundo kabisa akasema bado, bado, mwache ale, mpaka fimbo ikainama yenyewe ikabaki imeinama, ndo akasema zungusha. Inamkamata pembeni ya mdomo, haimezi, kwa hiyo ukitaka kumwachia anaondoka mzima.
Kumpandisha sasa. Anakuja tu mzito, unadhani umenasa mwamba, kisha anatikisa kichwa mara mbili tatu unasikia mpaka kwenye bega, anakuja tena, ukimuona mweupe chini ya boti unashukuru Mungu na yeye anakuona anageuka anarudi chini na mshipi wote uliokwisha kuuvuta. Mikono inatetemeka mpaka saa hii naandika

Mjomba Omari: Na yule wa kilo hamsini walimwingiza vipi, kwa ngoe?

Salim Anchorage: Chusa mjomba, mkuki kabisa. Lina kamba, limefungwa kwenye boti. Wadogo ndo ngoe. Boti zingine mkubwa wanampiga risasi kabisa kabla hajaingia

Fadhili: BUNDUKI??

Salim Anchorage: Bastola ndogo. Usicheke, samaki wa uzito ule akianza kupiga mkia ndani ya boti anavunja mtu mguu. Akiingia tu wanamkata matamvua damu itoke, ndo nyama inabaki nyeupe vile

Mwanaisha Seattle: Mimi huyo mkubwa nlikuwa namrudisha. Nilisoma wale wakubwa karibu wote ni majike

Salim Anchorage: Kweli, madume hayafiki huko. Kapteni alimuuliza yule mzee taratibu, unamtaka ama picha inatosha? Mzee akasema namtaka

Mjomba Omari: Angemwachia. Yule ana mayai kuliko kijiji kizima

Shangazi Zuhura: Mtu kalipa elfu arobaini arudi na picha? Omari usinichekeshe. Wajukuu zake watakula picha?

Mjomba Omari: Si wameruhusiwa wangapi? Atapata mwingine

Salim Anchorage: Miaka ya karibuni imekuwa wawili kwa siku kwa boti za kukodi upande wetu. Mmoja wa ukubwa wowote, wa pili lazima awe mdogo, na kipimo chake kinabadilika mwaka hadi mwaka. Na Jumatano miaka hii ya karibuni huruhusiwi kabisa kubakisha halibut kwenye boti za kukodi

Fadhili: Jumatano samaki wako ofu 😂

Salim Anchorage: Ni njia ya kupunguza tu, wameona boti za watalii zinakula mgao. Kuna kamisheni ya Marekani na Kanada ya huyu samaki peke yake, ipo tangu 1923. Kapteni anaandika kila samaki kwenye daftari la serikali

Ami Bakari: Miaka mia wamekubaliana juu ya samaki mmoja. Sisi BMU, kamati yetu ya wavuvi, tukikaa kikao tufunge mwamba wa pweza miezi mitatu, wote wanainua mkono ndiyo ndiyo, usiku unaona tochi mwambani

Shangazi Zuhura: Nani huyo

Ami Bakari: Anajijua. Yumo kwenye kikao hajakosa hata kimoja

Mwanaisha Seattle: BOX LANGU

Salim Anchorage: Haya Mwanaisha. Bandarini baharia anamtoa vipande vinne, viwili juu viwili chini, na mashavu mbali, mashavu ndo matamu wenyeji wanakufa nayo. Ukitoa mifupa na ngozi unabaki na karibu nusu ya uzito. Pale pale kuna duka wanakufungia kwenye plastiki bila hewa na kugandisha. Nakuja Seattle mwezi ujao, box la paundi 50 linaingia ndege kama begi lako, ila halitajaa, usijifanye wewe peke yako ndo ndugu

Mwanaisha Seattle: Mashavu niwekee

Rehema: Mashavu yameshaliwa pole 😌

Shangazi Zuhura: Mkwe umempikaje

Rehema: Mashavu nimekaanga tu na ndimu na pilipili manga. Hivo vipande nataka kupaka tui kesho lakini naogopa, hana mafuta huyu, ukizidisha moto dakika mbili anakauka anakuwa pamba

Shangazi Zuhura: Basi usimuoke mpaka mwisho. Mtie chumvi ndimu na kitunguu saumu, mpitishe motoni nusu tu, halafu ukapike tui zito pembeni na ukwaju mpaka lishike, ndo unampaka ukimrudisha motoni tui likauke juu yake si yeye akauke. Tui unalo la kukuna?

Rehema: La kopo shangazi

Shangazi Zuhura: La kopo lichemshe zaidi, lile lina maji. Na usikoroge ukaliacha likakatika

Ami Bakari: Salim

Salim Anchorage: Naam Ami

Ami Bakari: Ile ndoana. Iweke pembeni ya kiberiti upige picha

Salim Anchorage: (picha)

Ami Bakari: Hiyo kubwa, labda papa. Hawana ndogo yake? Nataka ya chewa. Pale kwenye kina nje ya kisiwa cha Sii wanameza ndoana wanakata mshipi kila siku, hiyo ya kushika pembeni ya mdomo nataka niione. Sio moja moja, pakti

Salim Anchorage: Zipo saizi zote Ami nikishuka mjini nachukua, Mwanaisha si anakuja Disemba atabeba

Mwanaisha Seattle: Ntabeba lakini mjue begi langu nusu ni vitu vya shangazi

Shangazi Zuhura: Vitu gani, dawa ya magoti na hivo vitamini? Hivo ni vitu?

Mwanaisha Seattle: Na sufuria 😑

Shangazi Zuhura: Ndoana anaweza kuziweka ndani ya sufuria