Tupeane uzoefu: "dawa" iliyotaka kukuulia ndugu

Mama Buhongwa: Wakuu, habari za jioni. Leo dukani nimemkuta mzee anauziwa "dawa ya nyanya". Imepimwa kwa kizibo, ikamiminwa kwenye chupa ya maji ya kunywa, haina lebo, ikaingia mfuko mmoja na sukari. Namuuliza ni dawa gani, ananiambia, "Ya wadudu hiyo mama, mtu haimdhuru." Ya homa dawa, ya panya dawa, ya choo dawa! Mtu anaishika kwa imani ileile ya panadol. Mwageni yaliyowakuta.

Mkulima wa Magu: Umenena. Huku kwenye pamba ya kupuliza tunaiita bugota, yaani "dawa" kwa Kisukuma, neno hilohilo la dawa ya mgonjwa. Bomba linavuja mgongoni, shati chapachapa, mtu anamaliza shamba. Jioni anakunywa maziwa kujisafisha.

Kirumba Mwaloni: Maziwa yanasaidia. Babu yangu alipiga dawa maisha yake yote, kafa mzee.

Bwana Shamba: Mkuu, usipotoshe watu. Sumu imepita kwenye ngozi, maziwa ya tumboni yataikutia wapi? Oga kwa sabuni, nguo za shambani zifuliwe peke yake. Na lebo ya kopo ina mkanda wa rangi kwa chini: nyekundu ndiyo kali kuliko zote, kisha njano, bluu, kijani. Kijani nayo si ya kuchezea. Serikali inaziita dawa hizi viuatilifu, ila nenda dukani ukatamke hivyo, watakushangaa.

Binti wa Geita: Mmenikumbusha kaka yangu. Alikuwa machimboni, jioni anarudi na kidonge cheupe kakikamua kwenye kitambaa. Anakiweka kwenye kikaango, juu ya jiko letu la mkaa, ndani, kwa kuogopa wezi. Sisi wadogo tunazunguka kuangalia weupe unavyoondoka na njano inavyotokea. Ilikuwa inaitwa "kuchoma dhahabu". Sasa dhahabu haiungui jamani! Inayoondoka ni zebaki iliyoshikana na dhahabu kwenye kile kidonge, inapanda kama mvuke usioonekana wala kunuka, na sisi tunaivuta. Sijawahi kusikia mtu akisema anachoma zebaki. Baadaye mikono yake ikaanza kutetemeka, kikombe cha chai kinamwagika, anasahau majina, hasira za ghafla. Nyumbani wakasema karogwa na mwenzake wa shimoni. Wakauza ng'ombe kwa ajili ya waganga. Siku mama anamweleza daktari, neno zebaki halikutajwa kabisa, maana kwetu mwanetu alikuwa anachoma dhahabu. Mpaka leo hawezi kushika sindano akatunga uzi.

Nyegezi Kona: Pole sana dada. Nimesoma mara mbili.

Mkulima wa Magu: Daah. Kile kikaango mliendelea kupikia?

Binti wa Geita: Ndiyo. Mboga.

Kaka Mabatini: Tusisingizie lugha, tatizo ni umaskini. Mwenye hela ananunua kopo zima lenye maelezo. Rudini kwenye vitu vya asili tu, havina madhara.

Bwana Shamba: Zebaki inachimbwa ardhini, ni ya asili. Utupa ni mti wa porini, muulize mvuvi yeyote unavyoua samaki.

Kaka Mabatini: Nimesema vya kula.

Muuguzi wa Ziwani: Mnabishana pembeni. Msimu wa kipindupindu tulipita mitaani na klorini. Ukisema "kemikali ya kuwekea maji", mlango unafungwa. Ukisema "dawa ya maji", ndoo zinaletwa. Kitu ni kilekile. Ile kwa kipimo chake inaokoa. Lakini Jiki, ambayo nayo ina klorini, mkichanganya na asidi ya choo mnatoa gesi ya kuchoma mapafu. Na mtoto akinywa mafuta ya taa msimtapishe, msimpe maziwa, kimbizeni hospitali na chupa mkononi.

Kirumba Mwaloni: Kwa hiyo maziwa hayafai popote?

Muuguzi wa Ziwani: Chai, mkuu.

Nyegezi Kona: Binti wa Geita, kuna chombo cha chuma cha kuchomea kilichofungwa, kina bomba la kupoza mvuke wa zebaki, ikanaswa kwenye chombo cha maji. Huko kwenu wachomeleaji wanakitengeneza? Nina mdogo wangu yuko shimoni.