Kikundi cha familia: tunapanga makabati ya vani

Kaka: Shikamooni wakubwa, na wadogo habari zenu. Jamani ile vani tunayoigeuza nyumba ya safari, insulesheni ya kuzuia joto na baridi imekwisha, kuta zimefunikwa, sakafu ipo, sasa nimefika kwenye sehemu za kuwekea vitu na hapo ndo nimekwama. Mchoro wangu una makabati ya juu pande zote mbili, toka nyuma ya dereva mpaka milango ya nyuma, chini ya kitanda stoo, alafu kabati refu la nguo karibu na mlango wa pembeni. Plaiwudi nataka 18mm kote iwe imara. Semeni kabla sijakata mbao

Kaka: *picha*

Shangazi: Marahaba mwanangu. Hongera sana umefika mbali. Swali langu moja tu, kwa hayo makabati ya juu mtakaa wapi bila kugonga vichwa

Wifi: Shangazi ndo nilichomwambia! Tumebandika maboksi matupu ukutani kwa selotepu mahali makabati yatakapokuwa nikakaa kitandani nivae viatu, nikiinuka tu kona inanipata hapa juu ya sikio

Baba Mdogo: Marahaba. Mwanangu usikate kitu bado.

Baba Mdogo: Hiyo 18mm ni ya nini? Plaiwudi ya mbao ngumu ya unene huo shiti moja la futi 8 kwa 4 ni kama kilo 36. Nimehesabu kwenye mchoro wako unahitaji mashiti 8 hivi. Hizo ni kilo 288 na hujaweka hata soksi moja ndani. Ile nyepesi ya mti wa popla ya 12mm ni kama kilo 16 kwa shiti, mashiti yaleyale 8 yanakuwa kilo 128. Umeona tofauti? Kilo 160, hao ni watu wazima wawili umewabeba safari nzima bila sababu. Na kabati la kwenye gari nguvu yake haitoki kwenye unene, inatoka kwenye maungio na jinsi ulivyolifunga kwenye mwili wa gari.

Dada: Kaka kikomo cha gari kilichoandikwa kwenye kibati ni kilo ngapi?

Kaka: 3500. Nilipita mzani wiki iliyopita, na mafuta tenki limejaa ilikuwa 2690, betri na tenki la maji vipo ila maji sijajaza

Dada: Basi imebaki 810. Nyie wawili na mtoto tuseme 180, maji lita 80 ni kilo 80, imebaki 550. Ukitoa hayo makabati yako ya 18mm unabaki na 262 ya friji, jiko, magodoro, nguo, vyakula, vifaa, baiskeli. Ukienda na popla unabaki na 422. Mi naona Baba Mdogo kamaliza

Kaka: Sikuwa nimepiga hiyo hesabu kabisa. MDF je, zile mbao za unga wa mbao ulioshindiliwa, inapakwa rangi vizuri

Baba Mdogo: Hapana. Nzito kuliko plaiwudi, na ikinywa unyevu inavimba. Kwenye gari unyevu haukosi, mkilala tu pumzi zenu zinageuka maji ukutani. Alafu mtikisiko wa barabara unalegeza skrubu, kwenye MDF zikilegea hazishiki tena.

Binamu: Kaka ngoja niongee na mimi maana yangu nina miaka 3 nalala humo. Makabati ya juu upande mmoja tu, na ndani weka vitu vyepesi, nguo, mataulo, mablanketi basi. Mimi safari ya kwanza nilifunga milango kwa sumaku zile ndogo za kabati za nyumbani, tumeingia kwenye kona mzigo ukasukuma mlango ukafunguka, sufuria la chuma likadondoka kwenye kiti ambacho mwanangu alikuwa amehama dakika 10 nyuma kuja kukaa mbele na mama yake. Nilisimamisha gari nikakaa pembeni ya barabara muda mrefu sana. Mpaka leo nikiona sumaku kwenye mlango wa kabati la gari moyo unashtuka

Wifi: Mungu wangu. Pole sana shemeji

Shangazi: Tumshukuru Mungu. Haya baba, wewe uliyeyaona eleza wenzio wafanyeje

Binamu: Komeo la kubonyeza, lile lenye kitufe, ukibonyeza kinatokeza unavuta, ukikirudisha ndani ulimi wa chuma unashika. Ila angalia unene wa mlango, mengi yametengenezwa kwa mbao za 15 mpaka 18mm, kwa hiyo kama unatumia 12mm ongeza kipande cha ubao nyuma pale tu komeo linapokaa, sio mlango mzima. Milango ya juu ifunguke kwenda juu na iwe na pampu za gesi za kuishikilia, usitumie bawaba peke yake mlango ukakuangukia mkononi

Dada: Na kwenye breki? Manake kona ni moja, ajali ni nyingine

Binamu: Gari likiwa linaenda 50 kwa saa likasimama ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, kitu kilichomo kinasukumwa mbele kwa nguvu ya kama mara 14 ya uzito wake. Boksi la vifaa la kilo 10 linakuja kama kilo 140. Kwa hiyo vizito vyote chini sakafuni, vikae nyuma ya kitu imara, na vifungwe mkanda

Baba Mdogo: Na visirundikwe nyuma kabisa. Ukirundika uzito nyuma ya ekseli ya nyuma gari linafanya kama mizani, mbele kunanyanyuka, usukani unakuwa mwepesi na tairi za mbele hazishiki barabara vizuri. Tenki la maji na betri ziko wapi?

Kaka: Betri nyuma ya kiti cha dereva chini. Maji juu ya tairi la nyuma kushoto

Baba Mdogo: Vizuri. Basi jiko na friji weka upande wa kulia, pande mbili zilingane.

Wifi: Sasa mimi nataka droo. Droo kila mahali. Nimechoka na kabati la kuinama na kuchungulia, unatoa vitu 6 kupata kimoja

Baba Mdogo: Mama, droo ni nzuri ila inakula nafasi na kilo. Kila reli ya kutelezea droo inataka 12.7mm, ziko mbili, hapo umepoteza inchi nzima ya upana, bado kuta za droo yenyewe. Weka droo pale tu penye kina kirefu na vitu vya kila siku, mfano jikoni. Na reli ziwe zile zenye kufuli, zinazoshika ikiwa imefungwa na ikiwa imefunguliwa, sio reli za kawaida, gari likiegeshwa kwenye mteremko droo isikutoke ikakupiga goti.

Binamu: Kwingine tumia kreti za plastiki wifi. Hizi ngumu za kiwango, sentimita 60 kwa 40, na ndogo zake 40 kwa 30, mbili ndogo zinakaa sawasawa juu ya moja kubwa. Unajenga fremu kufuata kreti, sio unajenga kabati alafu unatafuta kreti ya kuingia. Sehemu ya chini ya kitanda changu ni fremu tu na kreti 6, mbele nimeweka ubao mwembamba wa kuzizuia, kila moja ina kazi yake. Ukirudi nyumbani unabeba kreti nzima unaingia nayo ndani unapakia humohumo. Kabati la kujengea huwezi kulibeba

Wifi: Hiyo ya kubeba nimeipenda sana. Ila nilitaka ndani papendeze sio paonekane kama ghala

Dada: Wifi weka pazia la kitambaa kizito mbele. Linapendeza na halina kilo

Dada: Alafu naomba mfanye kitu kimoja kabla ya yote. Andikeni vitu vyote mtakavyobeba, mbele ya kila kimoja muandike mnakihitaji lini, asubuhi, njiani, usiku, au mara moja kwa wiki, na wakati huo kitanda kimetandikwa au la. Mi nimepangisha chumba kimoja miaka mingi nawaambia kweli kabisa, tabu haikuwa nafasi, ilikuwa kila nilichokitaka kiko chini ya kitu kingine

Wifi: Sawa nakaa naye leo usiku

*

Wifi: Jamani nimelala saa 7. Ile orodha ya wifi imetufungua macho. Mtoto analala kwenye benchi, si ndiyo, na chini ya benchi ndo tulipanga kuweka tochi, dawa, jaketi zetu na boksi la huduma ya kwanza. Sasa mtoto akishalala saa 3 usiku kila kitu hicho hatukifikii bila kumuamsha!! Na ndo saa hiyohiyo homa zinapandaga

Shangazi: Eeh. Umeona mwenyewe.

Kaka: Nilikaa miezi 4 na mchoro huo sikuliona hilo hata siku moja

Dada: Chini ya benchi wekeni vya mara moja kwa wiki. Jeki, nyaya za umeme, mpira wa maji, viti vya kukunja

Binamu: Na dawa na tochi mifuko ya kitambaa ukutani, karibu na mlango, unafikia umelala au ukiwa nje umesimama. Wavu wa mizigo chini ya kabati la juu kwa vitu vidogo. Hivi vya kitambaa watu wanavidharau ila ndo navyotumia kuliko vyote

Shangazi: Mtungi wa gesi ya kupikia unakaa wapi? Sijausikia

Kaka: Nilifikiria chini ya kitanda pamoja na vifaa

Baba Mdogo: HAPANA. Hili halina mjadala. Mtungi usimame wima, ufungwe mkanda, ndani ya boksi lake peke yake lisilovuja kuelekea ndani ya gari, mlango wa boksi ufungukie nje au juu wenye mpira wa kuziba, na sakafuni kwenye boksi toboa tundu la kutokea nje. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatambaa chini, inajaa hapohapo mnapolala. Tundu la juu halisaidii kitu. Na tundu lisitokee karibu na eksozi.

Kaka: Sawa Baba Mdogo. Nimeelewa

Shangazi: Asante shemeji.

Binamu: La nguo bado. Kabati refu usiligandishe ukutani, acha sentimita 2 nyuma na utoboe matundu juu na chini hewa ipite. Langu niliziba kabisa nikijua nafanya vizuri, baada ya msimu mmoja wa baridi koti nilikuta limeota ukungu mgongoni. Chini ya godoro vilevile, chaga zenye nafasi, usiweke ubao mzima

Kaka: Na kufunga kwenye mwili wa gari? Nilinunua skrubu za bati

Baba Mdogo: Za bati zinalegea. Weka nati za riveti kwenye mbavu za gari, zile zinazokazwa ndani ya tundu, alafu unafunga kwa bolti. Kila tundu ukilitoboa lipake rangi ya kuzuia kutu kabla ya nati kuingia. Na angalia upande wa pili kabla ya kutoboa, usije ukatokea nje au ukakata waya.

Kaka: Basi mchoro mpya ni huu. Kabati la juu upande wa kushoto tu, nguo na mablanketi. Jikoni droo 3 za reli za kufuli. Chini ya kitanda fremu na kreti 6. Benchi vya mara moja kwa wiki. Boksi la gesi peke yake. Kabati refu nimelifuta, nguo za kutundika tuna ndoano 4. Yote popla 12mm, na kabla ya kuhamia napita mzani tena, napima mbele peke yake na nyuma peke yake

Wifi: Nimetoa maboksi ya upande wa kulia sasa hivi, nimekaa, nimevaa viatu, nimeinuka. Sijagonga popote 🙏🏾

Baba Mdogo: Jumamosi saa 2 asubuhi nipo hapo. Niwekeeni hayo maboksi msiyatupe, tutakatia vielelezo vya ukuta, ule ukuta umepinda hauna pembe mraba hata moja. Na makomeo usinunue mpaka tupime mlango wa kwanza.