Naombeni ushauri, mtoto wa dada kakutwa na kansa ya misuli mdomoni

Wakuu habari zenu, mtoto wa dada yangu ana miaka 6, ilianza kama kauvimbe ndani ya shavu karibu na gego, hospitali ya kwanza wakasema ni jino wakaling'oa, dozi mbili za antibaiotiki hola, uvimbe ukazidi mpaka akifunga mdomo anajing'ata na asubuhi mto una damu. Ndo tukaenda Muhimbili wakakata kinyama kupima, majibu rabdomiosakoma, yaani kansa ya misuli, sio ile ya wavuta sigara na watafuna tambuu. Wakampiga siti skani ya kichwa na kifua, na kipimo cha uroto, ule wa ndani ya mifupa.

Kashaanza kemo, yaani dawa za kuua kansa, vinkristini na wenzake, uvimbe umenywea kweli ila mdomo umejaa vidonda, uji wenyewe anaumeza analia. Sasa inafuata mionzi hospitali ya kansa ya Ocean Road, na bibi yake anang'ang'ania mionzi inaunguza watoto, eti tumpeleke kwa mtu wa mitishamba (mimi hilo sitaki hata kulisikia).

Mliopitia hii na mtoto, taya na meno vilikuaje baada ya mionzi? Na mlikuwa mnamlisha nini jamani?