Naomba ushauri: mama aepuke kula na kunywa nini kabla ya kipimo cha moyo?

Mleta uzi:
Ndugu wanajukwaa, Alhamisi saa tatu asubuhi mama yangu atafanyiwa kipimo cha moyo kwa dawa ya kuchomwa mshipani, kwa kuwa magoti yake hayamruhusu kutembea kwenye mashine. Karatasi tuliyopewa ina mstari mmoja tu: asinywe kahawa wala chai kwa saa 24. Naye ameshanunua kopo la kahawa iliyoondolewa kafeini, akiamini amepata upenyo. Je, inaruhusiwa? Na chakula je?

Mchangiaji wa kwanza:
Kopo hilo liwekeni kabatini, ndugu yangu. Kahawa ya namna hiyo hubaki na kafeini kidogo. Dawa ya kipimo hicho, kama adenosini, hutanua mishipa ya moyo kwa kushika vipokezi fulani (sehemu za seli ambazo dawa hujishikiza), na kafeini hukalia vipokezi hivyohivyo. Dawa ikifika inakuta kiti kina mwenyewe, mishipa haitanuki ipasavyo, na picha za kipimo zinaweza kuonyesha moyo wenye afya ilhali una tatizo. Chai ya kijani, kakao, chokoleti, soda za kola na vinywaji vya kuongeza nguvu vyote vimo katika katazo hilo, hata kama karatasi haikuvitaja.

Mchangiaji wa pili:
Naongezea dawa za maumivu. Mimi nilirudishwa nyumbani nikiwa tayari na vibandiko vya waya kifuani, baada ya muuguzi kuuliza nilichomeza usiku. Vilikuwa vidonge viwili vya kichwa, na pakiti ilisema kila kimoja kina miligramu 65 za kafeini. Kichwa chenyewe, kwa bahati mbaya, kiliuma kwa sababu nilikuwa nimeacha kahawa ghafla! Mama aanze kupunguza leo, kikombe kwa kikombe.

Mchangiaji wa tatu:
Kuhusu chakula, mara nyingi huagizwa kukaa bila kula kwa saa tatu au nne, maji yakiruhusiwa, kwa sababu tumbo lililojaa huleta kichefuchefu. Sigara nayo ni mwiko siku hiyo. Kama ana kisukari, ulizeni mapema kuhusu insulini, kwani kuichoma kama kawaida bila kula kunaweza kushusha sukari kupita kiasi. Dawa za presha za kundi la beta-bloka wakati mwingine husimamishwa, lakini anayeamua ni daktari, si sisi. Je, ana pumu?

Mleta uzi:
Anayo, na anameza teofilini, dawa ya pumu, kila siku, hakuna aliyetuuliza.

Mchangiaji wa tatu:
Basi piga simu sasa hivi. Teofilini huizuia adenosini kama kafeini inavyofanya, na adenosini yenyewe inaweza kumbana kifua mwenye pumu. Asiiache dawa yake kwa uamuzi wenu. Huenda wakachagua dawa nyingine ya kipimo, kwa mfano dobutamini.

Mleta uzi:
Nimepiga. Wameandika jina la dawa herufi kwa herufi, na daktari atanipigia mwenyewe kesho asubuhi kabla hawajathibitisha miadi. Kopo la kahawa nimelificha.