Naomba ushauri: kati ya Dar na Dodoma, wapi joto lina nafuu?

Mhamaji Mtarajiwa:
Wakuu salaam. Nipo njia panda na usingizi sina. Nataka kuondoka Dar nihamie Dodoma, sababu kubwa ni joto. Hapa kuanzia Desemba mpaka Machi ni mateso matupu, feni yenyewe inapuliza moto. Ila kuna wanaonitisha kwamba Dodoma ni jangwa, nitaungua zaidi. Mliokaa kote kuwili, wapi kuna nafuu? Nipo serious, wa masihara pitieni pembeni.

Chumvi ya Feri:
Nafuu ya joto ni pesa mkuu. Funga kiyoyozi ubaki Dar. Mimi nilihamishwa na ofisi kwenda Dodoma, midomo ikapasuka, miguu ikawa kama nimetembea kwenye unga, mafuta ya nazi hayatoki mfukoni. Mama watoto akagoma kunifuata, eti hawezi kuishi mbali na bahari. Bahari yenyewe haendi hata sikukuu. Hayo ya kwangu yana uzi wake.

Kipimajoto:
Tuache hadithi. Miji yote miwili iko kati ya nyuzi 6 na 7 kusini mwa Ikweta, jua ni lile lile. Kinachoitofautisha ni bahari na mwinuko: Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Februari Dar mchana unagonga 32 hivi, na usiku unabaki kwenye 25 kwa sababu bahari ina joto na hewa imejaa unyevu. Dodoma miezi yake mibaya ni Oktoba na Novemba, mvua zikiwa bado, mchana 31 hivi. Ukisoma namba tu utasema ngoma droo. Ila Dodoma jua likizama joto nalo linaondoka, hewa kavu hailishiki. Julai alfajiri inashuka mpaka 13 au 14, blanketi utalitafuta mwenyewe.
Sasa wewe unateswa na mchana au usiku?

Mhamaji Mtarajiwa:
Vyote. Mchana ndio wanahema sana, hasa wakishakuwa wakubwa.

Mwali wa Kusi:
Wanahema akina nani tena?

Mhamaji Mtarajiwa:
Tuseme familia.

Bibi Kizimba:
Mwanangu, hiyo familia ina mabawa?

Mhamaji Mtarajiwa:
Haya, ni kuku wa nyama. Sikutaka kusema maana uzi wa kuku humu haukosi vichekesho. Msimu wa joto uliopita walikufa wakiwa wamebakiza siku chache kwenda sokoni. Mchana wako wazima, jioni nabeba kwa ndoo. Na kabla hamjaanza: eneo Dodoma nimeshalipia na banda limeshaezekwa. Kwa hiyo sihitaji mtu wa kunirudisha nyuma. Mnithibitishie tu.

Chumvi ya Feri:
Hao kuku wako wizara gani? Maana wanaohamia Dodoma tunawajua.

Nyumba ya Udongo:
Vijana mnakimbilia kuku wa wiki chache kwa sababu ya tamaa ya hela ya haraka. Wazee wetu walifuga wa kienyeji, wakilala juu ya mti, na hakuna aliyewahamisha mji.

Bibi Kizimba:
Hao wa juu ya mti, kideri, ule ugonjwa wa kuku, kikipita kilikuwa hakibakizi hata jogoo, tusidanganyane.
Mwanangu, kuku hana jasho. Anajipoza kwa kuhema, anatoa maji mdomoni. Dar hewa imeshashiba unyevu, hayo maji yanakwenda wapi? Ndiyo maana hata ukinyunyizia banda Februari unaongeza fukuto tu na kulowesha maranda. Dodoma hewa kavu inayanywa maji, ukinyunyiza kidogo mchana kuku anapata baridi. Hapo umewaza vizuri. Lakini kifaranga wa wiki ya kwanza anataka nyuzi 32 mpaka 35. Usiku wa Julai Dodoma bila mkaa wa kutosha kwenye bruda, pale pa kulelea vifaranga, na mapazia ya kuzuia upepo utawakuta wamelaliana, wa chini wameshakufa. Umehama kifo cha mchana ukafuata cha usiku. Na maji unayo?

Mhamaji Mtarajiwa:
Maji si tatizo bibi. Nilikwenda kuliona eneo mwezi wa saba, majani kijani kibichi, korongo la jirani linatiririka.

Mwali wa Kusi:
CHAI! Mwezi wa saba Dodoma majani kijani? Mvua za kule ni msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili, na kwa mwaka mzima hazifiki hata milimita 700. Julai ni vumbi na upepo. Huyu hana kuku wala banda.

Kipimajoto:
Nami hapo nimeshtuka. Hiyo ni picha ya Januari au Februari.

Nyumba ya Udongo:
Nilijua. Mods fungeni uzi.

Mhamaji Mtarajiwa:
Chai gani wakati hela yangu imeshatoka? Kuona ni kuona. Shemeji yangu yuko kule, ndiye aliyenitumia picha, mwezi huo wa saba. Nina kazi, siwezi kupanda treni kila mara kwenda kuangalia majani.

Chumvi ya Feri:
Alikutumia mwezi wa saba, alipiga lini?

Mwali wa Kusi:
Kwa hiyo shemeji ndiye dalali. Chai naifuta, naweka pole.

Mhamaji Mtarajiwa:
Shemeji yangu hana tabia hiyo. Na hata kama korongo linakauka, nitaweka tenki. Dar nako maji yamewahi kuwa ya mgawo, mbona hamsemi?

Bibi Kizimba:
Mwacheni, hela imeshakwenda. Mwanangu nijibu moja. Banda refu linatakiwa lilale mashariki kwenda magharibi, ili jua la asubuhi na la jioni lipige ncha tu, lisiingie ubavuni. La kwako limelalaje?

Mhamaji Mtarajiwa:
Limefuata barabara.

Bibi Kizimba:
Barabara inakwenda upande gani?

Mhamaji Mtarajiwa:
Ngoja nimpigie shemeji.